Nani Anaamua Zamu Yako?

Kwenye ramani ya mchezo uitwao Pandemic, Kinshasa imeunganishwa kwa mistari na miji mitatu: Lagos, Khartoum na Johannesburg. Mji ukiingiwa na ugonjwa huwekewa mchemraba mdogo wa rangi, na mji hauwezi kubeba zaidi ya mitatu ya rangi moja. Kadi ya Kinshasa ikichomoza ilhali mitatu imeshakaa, wa nne hauna pa kuwekwa. Ugonjwa hulipuka na kuwamwagikia majirani: Lagos mmoja, Khartoum mmoja, Johannesburg mmoja. Khartoum nayo ikiwa imejaa, hulipuka papo hapo na kuusukuma ugonjwa hadi Cairo. Wachezaji wote wako upande mmoja, mpinzani wao ni ramani yenyewe, na milipuko ikitimia minane wameshindwa kwa pamoja.

Wakati kama huo hutokea jambo ambalo aliyewahi kucheza michezo ya aina hii analijua vizuri. Mmoja, aghalabu yule aliyeuzoea mchezo kuliko wenzake, huinama juu ya ramani na kuanza kupanga: "Wewe nenda Lagos ukatoe miwili. Wewe kaa Cairo unisubiri, nikifika unipe kadi. Wewe zamu hii usihangaike." Mara nyingi anachosema ni sahihi. Wenzake husogeza kete alikoelekeza, hutoa kadi alizotaja, na huenda dunia ikaokoka. Lakini ukiuliza waliocheza walikuwa wangapi, jibu la kweli ni mmoja.

Michezo ya mezani ya kisasa, hasa ile iliyobuniwa tangu miaka ya 1990, hugawanywa kwa kawaida katika makundi mawili: ya kushindana na ya kushirikiana. Watu huchagua kundi kana kwamba wanachagua tabia. Anayependa kushindana huonekana mgomvi, anayependa kushirikiana huonekana mpole. Kwa maoni yangu mgawanyo huo hautufikishi mbali. Kipimo kinachofaa ni hiki: je, kila aliyeketi mezani anabaki na uamuzi ulio wake, wenye uzito, tangu mwanzo hadi mwisho? Mchezo wa kushindana unaweza kumnyang'anya mtu uamuzi huo kwa kumfilisi. Mchezo wa kushirikiana unaweza kumnyang'anya kwa kumsaidia. Wabunifu bora wa miaka 30 iliyopita wamepambana na unyang'anyi huo wa aina mbili, na silaha yao imekuwa kanuni, kwa kuwa nia njema peke yake haijawahi kutosha mezani.

Aliyefilisika na mchuuzi

Tuanze na mchezo ambao wengi waliukuta ukiwa umeshazeeka. Mwaka 1904 Mmarekani Elizabeth Magie alipewa hataza ya mchezo aliouita The Landlord's Game. Alitaka watu waone kwa macho yao jinsi kodi ya ardhi inavyomnenepesha mwenye ardhi na kumkausha mpangaji. Aliandaa kanuni za namna mbili: za ukiritimba, na nyingine ambazo utajiri ukipatikana kila mmoja hupata sehemu. Toleo ambalo kampuni ya Parker Brothers ililiuza kuanzia 1935 kwa jina la Monopoly lilibakiza zile za kwanza.

Kama somo la uchumi, Monopoly ina ukweli mchungu: aliyetangulia kununua huzidi kutangulia. Kama jioni ya watu wanne, ina kasoro kubwa. Anayefilisika saa ya kwanza hana la kufanya saa ya pili ila kutazama wenzake. Hata aliyebaki mara nyingi anarusha dadu na kulipa tu. Maamuzi yake yalikwisha zamani, na kinachofuata ni kungoja kuanguka.

Mabadiliko yalikolea Ujerumani. Huko tuzo ya Spiel des Jahres, yaani Mchezo wa Mwaka, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1979, na maonyesho makubwa ya michezo ya mji wa Essen yakaanza mwaka 1983. Mwaka 1995 tuzo hiyo ilikwenda kwa Die Siedler von Catan, kazi ya Klaus Teuber, ambaye kabla ya ubunifu kuanza kumlisha alikuwa fundi wa meno ya bandia. Siku hizi mchezo huo huitwa Catan tu, na umeuzwa kwa makumi ya mamilioni ya nakala.

Kisiwa cha Catan hupangwa upya kila mara kwa vipande 19 vya pembe sita. Msitu hutoa mbao, vilima hutoa matofali, malisho hutoa sufu, mashamba hutoa nafaka na milima hutoa madini. Kila kipande chenye kuzaa huwekewa namba. Dadu mbili zikirushwa, kila mwenye kijiji kando ya kipande chenye namba iliyotoka huvuna, hata kama zamu si yake. Kwa kanuni hiyo moja Teuber aliondoa uchovu wa kusubiri. Kisha akaweka biashara: aliye kwenye zamu anaweza kubadilishana mali na yeyote kwa bei watakayokubaliana. Benki hudai mali nne za aina moja ili itoe moja, kwa hiyo jirani wa kupatana naye ana faida kuliko benki, na asiye na matofali lazima afungue kinywa aseme na watu. Mpinzani wako ndiye soko lako. Mchezo huu huhesabiwa kuwa wa kushindana, lakini asiyejua kushirikiana hafiki pointi 10 za ushindi.

Hata bahati yake ilifikiriwa. Dadu mbili zina njia 36 za kutua. Saba ina njia 6, sita na nane zina 5 kila moja, mbili na kumi na mbili zina 1 kila moja. Anayeweka kijiji chake cha kwanza anaweza kuyasoma hayo kabla ya kuamua akae wapi. Bahati haikufukuzwa mezani, ila ilipewa umbo linalosomeka. Saba ikitoka, mnyang'anyi huhamishwa na kukizuia kipande kimoja kisizae, na kwa kawaida hupelekwa kwa yule anayekaribia kushinda. Huyo huyo ndiye ambaye wenzake huanza kumnyima biashara. Meza yenyewe humshika mkono anayetangulia.

Pamoja na hayo, Catan haikuponya kila kitu. Mtu akikosea kuweka vijiji vyake viwili vya mwanzo, kisha akazibiwa njia, anaweza kukaa saa nzima akisubiri namba zisizotoka. Hafilisiki, lakini uamuzi wake umekonda. Waliofuata walitafuta dawa zao. Katika Power Grid ya Friedemann Friese, ya mwaka 2004, wachezaji huendesha mitambo ya umeme, na aliye mbele kwa idadi ya miji hununua makaa na mafuta wa mwisho, wakati ya bei nafuu yameshachukuliwa. Kuongoza kunagharimu, na aliye nyuma ana sababu ya kuendelea kufikiri.

Katika Agricola ya Uwe Rosenberg, ya mwaka 2007, hakuna dadu kabisa. Kila familia ya wakulima huanza na watu wawili, na kila mtu hutumwa kwenye kazi moja: kulima, kukata miti, kuchota udongo. Kazi ikishachukuliwa, raundi hiyo mwingine haipati. Raundi ni 14, mavuno ni 6 na yanazidi kukaribiana kadiri mwisho unavyofika, na kila mavuno lazima familia ilishwe. Humpigi mwenzako, wala humchukulii mali. Unamwahi tu. Na kuwahi huko kunauma kuliko vita, kwa kuwa ulijua kabisa kwamba alikuwa akizihitaji zile kuni.

Dominion ya Donald X. Vaccarino, ya mwaka 2008, ilihamishia uamuzi ndani ya kadi zenyewe. Kila mtu huanza na kadi 10 zinazofanana na za wenzake, 7 za shaba na 3 za ardhi, kisha hununua nyingine ambazo zitamrudia mkononi kila rundo linapochanganywa upya. Kadi zinazoleta ushindi hazifanyi kazi yoyote ukizishika, zinajaza mkono tu. Kwa hiyo kila mmoja hujiuliza swali lile lile kwa wakati wake: niache lini kujijenga, nianze lini kuvuna? Jibu halimo kichwani mwa jirani, kwa sababu jirani ana rundo lingine.

Shauri moja, vichwa vinne

Mchezo wa kushirikiana una tatizo ambalo mwenzake hana: adui hana akili. Katika mchezo wa kushindana, ugumu huletwa na binadamu aliyeketi mbele yako. Wote wakiwa upande mmoja, ugumu huo lazima utoke kwenye karatasi na kadi. Reiner Knizia, Mjerumani mwenye udaktari wa hisabati, alilishughulikia tatizo hilo mwaka 2000 katika mchezo wake wa The Lord of the Rings. Mwaka 2008 Mmarekani Matt Leacock akatoa Pandemic, na ndipo aina hii ya michezo ilipoingia katika nyumba nyingi.

Uhodari wa Leacock uko kwenye rundo la kadi za maambukizi. Kila mwisho wa zamu hufunuliwa kadi kadhaa za miji, kila mji uliotajwa huongezewa ugonjwa, na kadi hizo huwekwa kando. Ikitokea kadi ya janga, mji mmoja hupigwa kwa michemraba mitatu kwa mpigo. Kisha zile kadi zilizokuwa kando huchanganywa na kurudishwa juu ya rundo. Maana yake miji iliyokwisha kuugua ndiyo itakayoitwa tena kabla ya mingine. Wachezaji wanajua ni wapi patakapowaka. Wasichojua ni lini na kwa mpangilio gani. Adui asiye na akili amepewa kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo inatisha vya kutosha.

Upande wa wachezaji, kila mmoja ana hatua nne katika zamu yake na kipaji kinachomtofautisha. Tabibu huondoa michemraba yote ya rangi moja mahali alipo kwa hatua moja, pale mwingine anapoondoa mmoja mmoja. Mwanasayansi hupata tiba kwa kadi 4 za rangi moja ambapo wenzake wanahitaji 5. Kumpa mwenzako kadi ya mji si jambo jepesi, kwani lazima nyote wawili mkutane katika mji huo huo. Wakati mnasafiri mkakutane, kwingine kunaungua. Kila zamu ni ugomvi kati ya kuzima moto wa leo na kutafuta tiba ya kesho, na kadi za wachezaji zikiisha kabla ya tiba nne kupatikana, mmeshindwa.

Ni mchezo mzuri sana. Basi kwa nini unamzaa yule nahodha anayewachezea wenzake?

Bao la kiswahili linaweza kutusaidia kulielewa jambo hili. Lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna kilichofichika. Hakuna dadu wala kadi iliyolala kifudifudi. Fundi huliona bao zima, huhesabu kete zitakapoishia na nani ataliwa, na aliye mbele yake huona kete zile zile. Uzuri wake ni vichwa viwili kuusoma ubao mmoja. Sasa chukua watu wanne, waweke upande mmoja wa bao, uwaambie waamue kwa pamoja. Baada ya mitaji miwili watatu watakuwa watazamaji, na mkono utabaki kwa fundi. Hawakuonewa na mtu. Habari ilikuwa moja kwa wote, kwa hiyo shauri lililo bora lilikuwa moja, na mwenye kuliona mapema akawa mwenye bao.

Pandemic inaingia katika shimo hilo hilo. Ramani iko wazi, wachezaji wanazungumza watakavyo, na hakuna mmoja anayejua kitu ambacho mwingine hawezi kuambiwa. Bahati ya kadi ipo, lakini inawapiga wote sawa. Mbunifu amewagawia vipaji tofauti bila kuwagawia ujuzi tofauti. Tabibu ana mikono yake ya pekee, lakini kichwa cha kuiongoza mikono hiyo kinaweza kuwa cha mtu yeyote pale mezani.

Nalisema hili nikijua nilichokifanya. Nilimfundisha mpwa wangu mchezo huu akiwa na miaka kumi na mmoja, na kwa jioni tatu tulishinda mara mbili. Jioni ya nne aliniambia, "Mjomba, cheza tu, mimi nitatazama." Nilidhani amechoka. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akitazama tangu jioni ya kwanza, na mimi sikuwa nimemwona.

Wapo watakaojibu kwa methali: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo ni ya kweli, nayo ilizaliwa baharini, ambako kuna shehena ya kufikishwa na roho za watu ndani ya chombo. Huko matokeo ndiyo kila kitu, na anayejua ashike usukani. Mezani hakuna shehena. Watu wamekuja kushika usukani, kila mmoja kwa zamu yake. Ukiwafikisha bandarini salama hali mikono yao haikugusa kitu, umewanyima kile walichokijia.

Kimya, mzigo na shaka

Wabunifu hawakuliacha jambo hili kwa adabu za wachezaji. Wametumia dawa tatu kubwa, na kila moja ina ladha yake.

Dawa ya kwanza ni kimya. Katika Hanabi ya Mfaransa Antoine Bauza, iliyotoka mwaka 2010 na kushinda Spiel des Jahres mwaka 2013, kila mtu hushika kadi zake akiwa amezigeuzia wenzake. Unaona za kila mtu isipokuwa zako. Kadi ni 50 za rangi tano, na kundi lazima lizipange kila rangi kwa mfuatano wa moja hadi tano. Kwa zamu yako unaweza kumdokeza mwenzako jambo moja: kadi zake zipi ni za rangi fulani, au zipi ni za namba fulani. Vidokezo ni 8 tu, na kukirudisha kimoja kwa kawaida hugharimu kutupa kadi. Makosa matatu yanamaliza kila kitu. Hapa nahodha hawezi kutokea, kwa sababu anayekijua kitu ndiye asiyeruhusiwa kukitenda, na anayetenda hakijui. Uamuzi wa kuicheza kadi ni wa aliyeishika hata kama meza nzima inaona anakosea.

The Crew ya Thomas Sing, ya mwaka 2019, imeijenga dawa hiyo juu ya karata. Anayezijua karata za turufu, zile ambazo rangi iliyotangulia lazima ifuatwe na turufu huzila zote, ataielewa kwa dakika chache. Kadi ni 40: rangi nne zenye namba 1 hadi 9, na turufu 4. Kila safari huwa na kazi, na kazi husema nani lazima aile kadi ipi. Mfano, wewe lazima uile sita ya kijani, hata kama imo mkononi mwa mwenzako. Kusema ni marufuku. Mara moja tu katika safari unaweza kuonyesha kadi yako moja na kuashiria kwamba ndiyo kubwa yako, ndogo yako, au ya pekee uliyo nayo katika rangi hiyo. Safari ziko 50, na ugumu hupanda polepole. Waliozoea karata za wawili kwa wawili watauona mchezo wao wa zamani ukigeuzwa: unampigia hesabu mwenzako apate kula, na furaha yake inakuwa yako.

Dawa ya pili ni mzigo. Spirit Island ya R. Eric Reuss, ya mwaka 2017, humpa kila mchezaji pepo mmoja wa kisiwa, kila pepo na ubao wake, nguvu zake na mwendo wake wa kukua. Wote hupanga kwa wakati mmoja. Baadhi ya nguvu ni za haraka na hufanya kazi kabla wavamizi hawajatenda, nyingine ni za polepole na huja baada yao. Kuongoza pepo mmoja kunajaza kichwa cha mtu mzima. Anayetaka kuwaongoza watatu wa wenzake atazidiwa kabla ya raundi ya tatu. Mazungumzo yanabaki wazi, lakini yanabadilika sura. Badala ya "fanya hivi", unasikia "naweza kuilinda pwani, nani atashika mlima?" Bei yake ni uzito: mchezo huu ni mrefu, na mgeni anaweza kuzama.

Dawa ya tatu ni shaka. Katika Shadows over Camelot ya Bruno Cathala na Serge Laget, ya mwaka 2005, mashujaa wa meza ya duara hushirikiana, lakini huenda mmoja wao ni msaliti, na huenda hayupo. Ushauri wa aliye hodari sasa una harufu. Anakutuma mbali kwa sababu unahitajika huko, au kwa sababu anataka usiwepo hapa? Hutii tena bila kupima, na kupima huko ndiko kucheza. Hata hivyo hii ndiyo dawa ninayoitumia kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa inaponya utii kwa kuua imani, na si kila familia itaondoka mezani ikiwa imecheka.

Nikizilinganisha, naona kimya ndicho kilichoenda ndani zaidi. Mzigo humshinda nahodha kwa kumchosha, na shaka humshinda kwa kumchafulia jina. Kimya huibadilisha hali yenyewe: hugawanya ujuzi ili kila mtu awe na kipande ambacho mwingine hana namna ya kukipata ila kupitia kwake. Hapo ushirikiano unakuwa haja, maana hakuna wa kuutimiza peke yake hata akitaka.

Wasio na zamu

Kipimo cha uamuzi kinatupeleka pia kwenye swali ambalo Mwafrika hawezi kulipita. Ikiwa mchezo unagawa maamuzi, kuna wanaopewa na kuna wanaowekwa ubaoni bila zamu. Puerto Rico ya Andreas Seyfarth, ya mwaka 2002, ni kati ya michezo ya mkakati iliyosifiwa sana kwa usanifu wake. Wachezaji ni wenye mashamba katika kisiwa cha Karibiani. Meli huleta visahani vya rangi ya kahawia vinavyoitwa wakoloni, navyo hupangwa kwenye mashamba ya miwa na indigo ili yazae. Anayejua mashamba hayo yalilimwa na nani hahitaji kuelezwa visahani hivyo ni akina nani. Mwaka 2022 likatoka toleo lililouhamishia mchezo huo mwaka 1897, ambamo wachezaji ni wakulima wa kisiwa wenyewe.

Mwaka 2015 Alexander Pfister wa Austria alitoa mchezo uitwao Mombasa. Kampuni nne za biashara, zenye makao Mombasa, Cape Town, Saint-Louis na Cairo, hutandaza vituo vyake juu ya ramani ya Afrika, na wachezaji hununua hisa, huuza ndizi, pamba na kahawa, na hukusanya almasi. Kama mtambo wa kanuni, ni kazi ya hali ya juu, na ilipata tuzo ya Deutscher Spiele Preis mwaka 2016. Kitabu chake cha kanuni kilikiri kwa maneno machache kwamba zama hizo zilikuwa za unyonyaji. Lakini ukiutazama ubao, bara zima lipo na mtu wake hayupo. Hana kete, hana kadi, hana neno. Mwaka 2022 kanuni hizo hizo zilitolewa tena kwa jina la Skymines, safari hii kampuni zikichimba mwezi. Mtambo haukupungukiwa na kitu kwa kuondolewa Afrika. Hiyo inaonyesha kwamba Afrika haikuwa imeingizwa humo kama mahali penye watu, ilikuwa turubai.

Sidai michezo ikimbie historia. Spirit Island imeikabili ana kwa ana. Wavamizi wake hutembea kwa hatua tatu zinazofuatana: wanachunguza aina ya nchi, zamu inayofuata wanajenga humo, kisha wanaiharibu. Wachezaji wako upande wa kisiwa, na wenyeji wake, Wadahan, wapo ubaoni na hupigana wakishambuliwa. Ukweli ni kwamba hata hapa mwenyeji hana mchezaji wake, ni mapepo yanayoamua. Hata hivyo ukoloni umetazamwa kutoka ufukweni badala ya kutoka kwenye meli, na hilo limebadilisha kila hesabu: kinachoitwa maendeleo katika Catan, yaani kijiji kuwa mji, hapa ndicho kinachopaswa kuzuiwa.

Hatua ya karibuni inayonipa matumaini ni Daybreak, mchezo wa mwaka 2023 wa Leacock akishirikiana na Matteo Menapace, ulioshinda tuzo ya Kennerspiel des Jahres mwaka 2024. Suala lake ni joto la dunia. Mmoja hushika China, mmoja Marekani, mmoja Ulaya, na mmoja hubeba nchi nyingi zilizobaki za dunia, sisi tukiwemo. Wote hupanga kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa kadi na matatizo yake, kwa hiyo Leacock aliyetupa nahodha mwaka 2008 amemwekea mzigo wa kumshughulisha. Na kuna kanuni inayostahili kuangaliwa: jamii zilizo katika dhiki zikimzidi mchezaji mmoja, wote wameshindwa. Aliye tajiri hawezi kufika mwisho kwa kumwacha maskini azame. Kuziweka nchi zetu zote mkononi mwa mtu mmoja ni kurahisisha kupita kiasi, lakini angalau mkono huo una zamu, na ukianguka meza nzima inaanguka nao.

Meza ya nyumbani

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, visanduku hivi ni ghali, havipatikani kila duka, na kanuni zake aghalabu ziko katika Kiingereza au Kijerumani. Hicho si kikwazo kwa kila mchezo. Hanabi haina maneno kwenye kadi. Karatasi ngumu, mkasi na kalamu za rangi tano vinatosha kutengeneza seti ya nyumbani: katika kila rangi kata kadi 10, za namba 1 ziwe tatu, za namba 2, 3 na 4 ziwe mbili mbili, na ya namba 5 iwe moja tu. Tumia mbegu nane za ukwaju kwa vidokezo.

Mimi na mpwa wangu tulizikata zetu usiku mmoja umeme ulipokatika. Tulicheza wawili, kadi tano kila mmoja, kwa taa ya betri. Nyekundu ilikuwa imefika mbili. Alitazama kadi zangu kwa muda mrefu, akatoa mbegu moja, akagusa kadi yangu ya pembeni na kusema, "Hii ni nyekundu." Hakuongeza neno, wala kanuni hazikumruhusu. Ingeweza kuwa tano, na tungeharibu. Nilitaka kumuuliza ana uhakika gani. Sikuweza. Ilinibidi niamini kwamba amefikiri, na kwamba amefikiri vizuri, jambo ambalo katika jioni zetu zote za Pandemic sikuwa nimempa nafasi ya kunionyesha.

Nikaiweka mezani. Ilikuwa tatu.